Spika za studio, hedifoni au amplifaya ya mtumba? Natumia laptopu

MpigaKanuni (Dar)
Wakuu habari zenu. Nina mafaili ya FLAC (yale yasiyopunguza ubora wa sauti) ya taarab na dansi niliyoyatoa kwenye CD zangu mwenyewe. Hadi leo nasikilizia sabufa ya kawaida. Besi inatikisa dirisha, lakini kanuni na fidla zinazama, na mwimbaji ni kama anaimba chumba cha pili. Nimejichanga laki saba. Nawaza njia tatu: hedifoni nzuri na DAC ya USB (kifaa kinachogeuza namba za kompyuta kuwa mawimbi ya sauti); spika za studio zenye amplifaya ndani; au amplifaya ya mtumba na spika zake za mbao. Chumba ni futi 10 kwa 12, chini vigae. Nishaurini.

FundiSpika
Mkuu, chukua spika za studio. Mfano JBL 305P MkII: kila spika ina amplifaya mbili ndani, moja ya wufa (spika ya besi) ya inchi 5, nyingine ya twita (spika ya sauti nyembamba), na kiwanda kimeshazioanisha. Amplifaya ya mtumba unainunua pamoja na maradhi yake. Kapasita zimekauka, kitufe cha sauti kinakwaruza ukikizungusha. Nazifungua kila wiki. Na ikiwa imetoka Marekani, isome mgongoni kwanza: ikiwa ya volti 120 tu, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 transfoma inaungua.

MamaSauti (Mombasa)
Kaka fundi, hapo sikubaliani nawe. Chumba cha vigae kitamharibia spika yoyote, hedifoni hazijali chumba. Mimi nina hedifoni za Sennheiser HD 600. Ni za omu 300, yaani ukinzani wake wa umeme ni mkubwa, kwa hiyo tundu la laptopu yangu lilizisukuma kwa unyonge mpaka nilipopata DAC yenye amplifaya ya hedifoni. Usiku watoto wamelala, nasikia hadi kidole kikiteleza kwenye nyuzi za udi. Ila ujue ziko wazi nyuma. Anayelala kando yako atasikiliza na wewe.

Mgeni88
Samahanini, DAC ni lazima? Nimeambiwa bila faili za 24/192 (biti 24, sampuli 192,000 kwa sekunde) hakuna muziki.

FundiSpika
Si lazima, mdogo wangu. Laptopu yako tayari ina DAC ndani. Chomeka hedifoni, usipige muziki wowote, sogeza mausi: ukisikia mikwaruzo, hapo DAC ya nje itakusaidia. Na hiyo 24/192 isikunyime usingizi. CD ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16. Inabeba masafa hadi karibu Hz 22,000, na sikio zuri la kijana linaishia kama 20,000. Faili la CD ukiligeuza kuwa 192 linanenepa tu, hakuna kilichoongezeka. Bora uweke foobar2000, programu ya kupigia muziki, na uchague WASAPI (njia ya Windows ya kupitishia sauti) kwa hali ya kujitenga, ili Windows isichanganye muziki na milio yake wala kuubadilisha kasi ya sampuli.

Babu_wa_Santuri
Vijana, mmeruka jambo kubwa. MpigaKanuni, simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio kama bati linatetema, ni kuta na vigae vinarudishiana sauti. Tandika zulia, weka pazia zito. Spika zitoe kwenye pembe za chumba, maana pembe inavimbisha besi. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu ya pande sawa, twita iwe usawa wa sikio.

MpigaKanuni (Dar)
Shikamoo Babu. Nimeazima spika za studio za rafiki wikiendi hii. Nilipoziweka kwenye pembe, gitaa la besi lilikuwa mvumo mmoja, noti hazitofautiani. Nikazivuta mbele kama futi mbili, nikatandika zulia la sebuleni. Wallahi nimesikia fidla mbili mahali ambapo miaka yote nilidhani ni moja! Nimeamua spika. Tatizo moja: nikichomeka chaja ya laptopu zinavuma "mmmm", nikiichomoa kimya.

FundiSpika
Huo ni mzunguko wa ethi, yaani laptopu na spika zimeungana kwa ethi na kwa waya wa sauti, na mvumo unapita humo. Usikate pini ya ethi ya chaja, inakulinda wewe. Kwanza chomeka chaja na spika kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, tumia kifaa cha sauti cha USB chenye matundu ya TRS (plagi ya nyaya tatu inayozuia mvumo), kama Focusrite Scarlett 2i2, na waya za TRS hadi kwenye spika. Ina tundu la hedifoni pia, kwa hiyo ushauri wa MamaSauti utaufuata baadaye bila kununua DAC nyingine.

MamaSauti (Mombasa)
Hapo tumepatana. Lakini ukitaka HD 600, zijaribu kwanza kwenye tundu la hiyo Scarlett uone kama sauti inakutosha.

MpigaKanuni (Dar)
Ahsanteni sana. Jumamosi naingia Kariakoo. Waya za mita tatu zinatosha?

FundiSpika
Zinatosha. Hakikisha ncha ina pete mbili nyeusi, si moja. Yenye moja ni TS, ya nyaya mbili tu, mvumo unaweza kubaki.