Chupa ya Shangazi wa Leicester

*Kikundi: UKOO WA BIBI MWANAHAWA 🌴*

Jumapili

Zuhura: Asalaam aleikum wana ukoo. Mzigo nimeuchukua stendi leo asubuhi. Shikamoo shangazi, ahsante sana kwa vyote.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Chokoleti za watoto zimefika salama?

Zuhura: Zimefika uji. Wamezilamba kwenye karatasi.

Hamisi: Nasikia kuna na chupa. Chupa ya nini? Ukoo huu hauna siri

Zuhura: Losheni ya kujitia rangi ya kahawia. Wazungu wanaipaka ili waonekane wametoka ufukweni na hawakwenda ufukweni.

Hamisi: 😂😂😂 Wenzio mtaa wa pili wanajikoroga wawe weupe, wewe umeagiza weusi kutoka Uingereza

Mama mdogo Saumu: Hamisi, mkorogo huo unamsema nani?

Hamisi: Sijataja mtu mama mdogo 🙏🏾

Mama mdogo Saumu: Niliuacha 2009. Uso uling'aa kweli, ila vifundo vya vidole vilibaki vyeusi ti, ungedhani nashinda gereji. Kwa hiyo mimi na rangi za chupa tunajuana.

Zuhura: Jamani mimi na ualbino wangu sitaki kuwa mweusi. Sare ya usiku wa wanawake wa harusi haina mikono, na mikono yangu mnaijua, ina madoa ya jua tangu niko darasa la tatu. Nikaona kama ngozi nayo ikipata kahawia kidogo itakutana na madoa katikati, picha zisinitoe chui.

Hamisi: Chui wetu lakini

Zuhura: Hamisi nitakutoa kwenye orodha ya pilau.

Shangazi Rehema: Mimi nimemtumia kwa kuwa ameomba, ila nilimwambia. Huyu bibi ninayemtunza huku ana miaka 81, mweupe kama maziwa, mikono imejaa madoa ya jua ya ujana wake. Kila Ijumaa anajipaka hiyo kitu. Madoa hayajifichi hata kidogo. Na mashuka yake! Nafua mpaka nachoka, umbo lake linabaki kitandani.

Zuhura: Shangazi hayo ya madoa hukuniambia.

Shangazi Rehema: Nilikuambia kwenye sauti ya dakika sita.

Zuhura: Niliishia dakika ya pili 🙈

Dada Asha (Moshi): Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo nasoma. Zuhura, usijipake mwili mzima leo. Jaribu kipande kidogo kama kiberiti, mahali penye madoa machache, ulale nacho. Osha viganja kwa sabuni ukimaliza.

Zuhura: Ni sumu?

Dada Asha (Moshi): Si sumu ukipaka juu ya ngozi. Usitie mdomoni wala karibu na macho. Ila haiko kama poda, haikai juu tu. Kilichomo ni kitu cha jamii ya sukari, tazama nyuma ya chupa wameandika DHA. Kinakamatana na protini za ngozi ile ya juu kabisa iliyokwisha kufa, kinageuka kahawia. Ni kama ganda la mkate linavyogeuka kwenye oveni.

Hamisi: Kwa hiyo Zuhura anaokwa

Dada Asha (Moshi): Bila moto. Tena waliigundua bila kuitafuta. Marekani, mji wa Cincinnati, miaka ya 1950, daktari Eva Wittgenstein alikuwa anawanywesha watoto wagonjwa hiyo DHA kama dawa. Ikimwagika kwenye ngozi yao panageuka kahawia, nguo haziguswi. Mwaka 1960 ikawa iko dukani.

Shangazi Rehema: Nguo haziguswi? Waje wafue mashuka ya huyu bibi yangu.

Saidi mdogo: Niko na Bibi hapa, anataka kusema. Anasema mwenyewe, mimi naandika tu.

Saidi mdogo: Bibi anasema: hiyo si ni hina tu? Hina ukiipaka kiganjani inakolea, mgongoni mwa mkono inafifia, kwa sababu kiganja kina ngozi nene. Sasa doa la Zuhura na ngozi ya Zuhura, kipi kigumu?

Dada Asha (Moshi): Shikamoo Bibi. Umemaliza kazi yangu.

Saidi mdogo: Anasema marahaba. Anauliza umekula.

Jumatatu

Zuhura: *[picha]*

Zuhura: Matokeo. Jana saa tatu usiku sikuona kitu, nikasema shangazi katapeliwa. Saa sita nimeamka na harufu ya biskuti zilizoungua, nikaenda jikoni kutazama jiko. Ni mkono wangu.

Zuhura: Asubuhi ngozi imekuwa chai ya maziwa. Nzuri kabisa. Madoa yamekuwa kahawa chungu.

Mama mdogo Saumu: Ai! Yamezidi.

Zuhura: Yamezidi. Kumbe yote yamepanda ngazi pamoja, ngozi imepanda moja, madoa yamepanda tatu.

Hamisi: Sisemi neno. Pilau.

Dada Asha (Moshi): Ndivyo ilivyo. Ngozi ikiwa kavu, nene au ina mikwaruzo inakunywa rangi zaidi. Hata kiwiko, goti na kisigino. Wanaotaka kukwepa wanatia Vaselini juu ya kila doa kwa kijiti cha pamba kabla ya kupaka, ili rangi isipite hapo.

Zuhura: Kila doa?

Dada Asha (Moshi): Kila doa.

Zuhura: Mkono mmoja nimehesabu mpaka 100 nikaacha.

Saidi mdogo: Bibi anasema apigwe singo kwanza, liwa na karafuu na mawaridi, ngozi iliyokufa itoke. Bila manjano, maana hapo ndipo mtamvuruga kabisa.

Dada Asha (Moshi): Bibi yuko sahihi, kusugua kwanza kunasaidia. Zuhura, ile picha. Doa la juu kushoto, karibu na mfupa wa kiwiko. Mbona limekolea kuliko wenzake wote?

Zuhura: Sijui, ni kubwa kidogo.

Dada Asha (Moshi): Lipapase. Funga macho upapase.

Zuhura: Linakwaruza kama msasa. Nilidhani ukavu, nikawa nalipaka mafuta ya nazi.

Dada Asha (Moshi): Tangu lini?

Zuhura: Tangu kabla ya Ramadhani.

Dada Asha (Moshi): Hilo usilipake tena rangi. Singo nayo isilifikie. Rangi haikulifanya hivyo, imeng'ang'ania hapo kwa sababu palishakuwa na magamba. Nataka uje lionekane wiki hii.

Zuhura: Wiki hii nina mitihani ya wanafunzi wangu wa darasa la saba, dada. Baada ya harusi.

Mama Zuhura: Zuhura.

Zuhura: Abee mama.

Mama Zuhura: Keshokutwa alfajiri unapanda basi. Nimeshaongea na mwalimu mkuu.

Hamisi: Mama hajaandika humu tangu Idi 😳

Dada Asha (Moshi): Na Zuhura, hiyo kahawia isikudanganye ukaacha Kilisun, yale mafuta yako ya kukinga jua, na kofia. Yule anayechomwa na jua akapata rangi, mwili wake umejitengenezea kinga kidogo. Yako imepakwa tu, jua linapita kama kawaida.

Zuhura: Leo nilitoka bila kofia kwenda dukani. Nilijiona nimekinga.

Dada Asha (Moshi): Ndiyo maana nimesema.

Alhamisi

Zuhura: Nimerudi kutoka kliniki ya ngozi, hospitali ya KCMC hapo Moshi. Nimekuta foleni yote ni sisi na kofia zetu, tumecheka sana.

Mama Zuhura: Sema ya daktari kwanza.

Zuhura: Kasema bado si saratani, ila ni aina ambayo ikiachwa inaweza kugeuka. Wamelipuliza naitrojeni ya maji, ile inayotoa moshi baridi. Sekunde chache tu. Kwanza inabana kama umeshika barafu ya friji, halafu inachoma kama pasi. Likageuka jeupe kama punje ya chumvi, sasa lengelenge linapanda. Kakagua na masikio, shingo, mdomo, kila pahali. Mengine yote ni madoa tu.

Mama Zuhura: Alhamdulillah.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah. Mimi nilikuwa nimekaa na simu kwenye choo cha kazini.

Saidi mdogo: Bibi analia, lakini kidogo. Anasema mumletee ndizi za Moshi.

Zuhura: Nimeshapakia mkungu mzima.

Mama mdogo Saumu: Na ile chupa sasa?

Zuhura: Mikono naiacha ilivyo, wacha ionekane na plasta yake. Lakini miguu! Miguu yangu haijaona jua tangu sekondari, sketi ndefu miaka yote, haina doa hata moja. Ile nitaipaka.

Jumamosi

Zuhura: Miguu imetoka kama imechongwa. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Haina mchirizi, haina baka, mpaka kifundoni.

Mama mdogo Saumu: Tuone!

Zuhura: Picha siweki, kuna wanaume humu. Njoo chumbani.

Mama mdogo Saumu: Nimeiona. Jamani imetulia. Ila Zuhura, sare yetu si inaburura chini?

Zuhura: …

Zuhura: Inaburura.

Shangazi Rehema: 😂😂😂😂 Pauni kumi na mbili zangu!

Zuhura: Nitaipandisha nikicheza taarabu.

Jumapili

Hamisi: Asha uko macho?

Dada Asha (Moshi): Niko. Kuna nini saa kumi na moja alfajiri?

Hamisi: Swali la mtu mwingine. Mtu akijipaka ile losheni mikononi, kwa kujaribu tu, anasafishaje?

Dada Asha (Moshi): Mtu huyo aliosha viganja?

Hamisi: Hakuambiwa

Zuhura: Iliandikwa humuhumu Jumapili iliyopita! Hamisi umegusa chupa yangu?

Hamisi: Huku nyuma ya mkono haionekani kabisa, nikajua imeisha nguvu, nikaongeza. Sasa viganja vyote viwili ni rangi ya chungwa. Na leo saa nne nikahi, mimi ndiye wa kupokea wakwe mlangoni

Dada Asha (Moshi): Haitoki kwa sabuni. Inatoka na ngozi yenyewe, siku tano mpaka wiki.

Hamisi: Limau je?

Dada Asha (Moshi): Utapunguza kidogo, halafu utakuwa na mabaka.

Saidi mdogo: Bibi ameamka kuswali, nimemsomea. Anasema awaambie wakwe ameshinda jikoni anamenya manjano ya pilau.