Wanahewa waliokaa kwenye minara ya rada baharini: waliishije kule?

MwanaLanet

Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, nauza vipuri vya matrekta, na wateja wakipotea mchana mimi husoma historia ya Vita Baridi kwa simu. Juzi nimefika kwenye zile Texas Towers, minara ya rada ambayo Jeshi la Wanahewa la Marekani liliisimamisha ndani ya Atlantiki miaka ya 1950. Jukwaa la chuma la pembe tatu, miguu mitatu, na huko juu watu wanaishi.

Shida ni mjomba. Yeye ni mstaafu wa wanahewa wetu na anashikilia kwamba mwanahewa hakai baharini, hiyo ni kazi ya wanamaji. Nikamwonyesha picha, akasema nisimdanganye, huo ni mtambo wa mafuta.

Nasoma vipimo na tarehe, lakini maisha yenyewe siyaoni. Walilala wapi, walikula nini, likizo waliendaje? Na ule wa namba 4 ulioanguka 1961: kama ulikuwa mbovu na kila mtu alijua, mbona watu walikuwa bado wamo ndani?

JaboyaSafi

Mjomba wako asichekwe. Hata jina la Texas lilitokana na hiyo mitambo ya mafuta ya Ghuba ya Mexico, kwa sababu mafundi waliiga muundo wake. Kwa hivyo jicho lake ni zuri, ni ubishi tu ndio mbaya.

Kuhusu ukubwa, sisi wa ziwani tunaelewa haraka. Jukwaa lilikuwa karibu futi 200 kila upande. Piga hesabu ya pembe tatu, unapata chini ya nusu ekari. Hiyo ni Migingo, kile kisiwa kidogo cha mawe ndani ya Ziwa Victoria, omera! Tofauti ni kwamba Migingo hujenga mabati hadi ukingoni mwa jiwe, nao walijenga ghorofa, moja juu ya nyingine.

FundiKondele

Kijana wa Lanet, nitakujibu kirefu kwa sababu stima imepotea hapa Kondele na simu yangu ina chaji. Mimi ni fundi wa jenereta. Kabla sijarudi Kisumu nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye mitambo ya mafuta baharini, upande wa Angola. Mambo ya rada nimeyasoma tu kama wewe. Kulala juu ya chuma katikati ya maji, hiyo nimeionja mwenyewe.

Ilipangwa minara mitano, ikajengwa mitatu. Namba 1 na namba 5 ziliishia kwenye karatasi. Namba 2 ilisimama Georges Bank, zaidi ya maili 100 mashariki ya Cape Cod, ikaanza kazi mwishoni mwa 1955. Namba 3 ilikuwa kwenye mafungu ya mchanga ya Nantucket. Namba 4 ilisimamishwa 1957, maili 80 na kitu kutoka New York. Hofu yenyewe ilikuwa ndege za Urusi zenye mabomu. Rada ya nchi kavu haioni kitu kikishazama nyuma ya mgongo wa dunia, kwa hivyo walisogeza rada mbele, wapate kama dakika 30 zaidi za onyo. Nusu saa tu! Lakini kwa mji kama New York nusu saa si kidogo.

Juu ya jukwaa kulikuwa na kuba tatu. Moja ilikuwa na rada ya kutafuta ndege mbali, mbili zilikuwa na rada za kupima ndege iko juu kiasi gani. Ukisikia kituo cha rada unafikiri wote wanakodolea skrini. La. Wale wa chumba cha giza walikaa kwa zamu, mchana na usiku, na mara nyingi walichokiona ni ndege ya abiria inayotoka Ulaya. Waliobaki ni watu wa aina yangu: wa dizeli, wapishi, wa redio, wa rangi. Wa rangi usiwadharau. Chuma kikiwa juu ya maji ya chumvi, ukimaliza kupaka upande huu, upande ule umeshaanza kutu. Kazi hiyo haina siku ya mwisho.

Safari ya kwenda na kurudi ndiyo ningependa mjomba aione. Hali ikiwa nzuri, helikopta. Hali ikiwa mbaya kiasi, meli ndogo ya mizigo kutoka bandari ya New Bedford inakuja kusimama karibu, si kufunga kamba. Jukwaa liko zaidi ya futi 60 juu ya maji, ngazi haifai. Kreni inashusha pete kubwa yenye wavu, watu wanasimama juu ya ukingo wake wakishikilia kamba, mizigo yao katikati. Sisi Angola tulikuwa na kikapu cha namna hiyo hiyo na nitakueleza kinavyofanya kazi. Sitaha ya meli inapanda na kushuka. Mwenye kreni anangoja meli ipande hadi juu kabisa, ndipo anavuta kwa nguvu. Akichelewa kidogo, meli imeshashuka halafu inapanda tena na kuja kukugonga miguu. Kwa hivyo unakunja magoti, mikono unaipitisha ndani ya kamba bila kujifunga, na huangalii chini. Mara ya kwanza, mwenzangu mmoja kutoka Homa Bay, mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi, aliomba kwa sauti kwa Kijaluo kutoka sitahani hadi juu. Kreni ilikuwa inaendeshwa na Mreno, naye akaitikia amina.

Chakula kilikuwa kizuri. Jeshi halikuwa jinga: mtu asiye na pombe, asiye na mji, asiye na mke, ukimnyima na nyama utapata matatizo. Maji ya kunywa na kuoga yalichujwa kutoka bahari ile ile kwa mitambo, na mafuta ya dizeli yalihifadhiwa ndani ya miguu ya mnara, kwa sababu miguu ilikuwa mirija mitupu. Hapo fundi kama mimi hukaa chini na kufikiria kidogo. Unakalia tangi lako.

Burudani? Sinema, meza ya mchezo, barua. Na samaki. Georges Bank ni mojawapo ya sehemu zenye samaki wengi sana kwenye Atlantiki, hasa chewa wa maji baridi. Jamaa walitega ndoano kutoka kwenye vijia vya chuma pembeni, futi 60 za uzi hewani kabla hata haijagusa maji. Hebu fikiria kuvuta mbuta kutoka ghorofa ya sita.

Lakini kitu kimoja hakipatikani kwenye vipimo unavyosoma, nacho ni kelele. Jenereta hazizimwi. Antena za rada zinazunguka juu ya kichwa chako. Feni za kupoza mitambo nazo haziachi. Juu ya hayo, sehemu ile ina ukungu mzito unaoweza kukaa siku kadhaa, na ukungu ukiingia ving'ora vinalia ili meli zisigonge mnara. Vinalia, vinanyamaza, vinalia. Watu walizoea kukata maneno katikati ya sentensi, kungoja honi iishe, kisha kuendelea pale pale. Hilo halinishangazi hata kidogo. Nilipotoka Angola mke wangu alilalamika kwamba naongea kama mtu anayeita boda upande wa pili wa barabara, na usiku wa kwanza nyumbani nilikosa usingizi kwa sababu ya ukimya.

Sasa swali lako la mwisho. Namba 2 na 3 zilikuwa kwenye maji mafupi. Namba 4 ilikuwa kwenye futi 185 na bado miguu ni mitatu. Kwa urefu huo ilibidi miguu iunganishwe kwa vyuma vya mshazari chini ya maji, na baadhi ya vyuma hivyo viliharibika njiani mwaka wa 1957, kabla mnara haujasimama. Wakavibandika upya kule kule baharini. Kama umewahi kuunga chesi ya lori porini unajua: inabeba, lakini si ile ya kiwandani. Mnara ukaanza kucheza tangu mwanzo, na wenyewe wakauita Old Shaky. Dhoruba ya Daisy ya 1958 ikauumiza, wakatengeneza. Septemba 1960 ikaja Donna, kubwa kuliko kipimo ambacho mnara ulijengewa.

Baada ya Donna watu wengi waliondolewa. Walibaki 28: wanahewa 14 na raia 14 wa ukarabati. Kwa nini wasiondoke wote? Kwanza, mitambo ya siri. Mnara mtupu katikati ya bahari, na meli za Urusi za uvuvi ziko karibu, ni nani angeuacha? Pili, na hili nasema kwa uzoefu wa kazi, mtikisiko una ulevi wake. Wiki ya kwanza unaogopa. Mwezi wa pili unashika kikombe cha chai kabla hakijateleza, na wala hujui kuwa umekishika. Mkubwa aliye ofisini nchi kavu anahesabu hilo kama ushahidi kwamba mambo ni sawa: mbona jana walikaa?

Jumapili tarehe 15 Januari 1961 dhoruba ilikuja. Kamanda wa mnara, Kapteni Gordon Phelan, aliomba watolewe. Upepo ulikuwa mkali mno kwa helikopta, na meli ya mizigo ilikuwa karibu lakini haingeweza kupokea mtu anayeshushwa na kreni kwenye mawimbi yale. Hiyo pete niliyokueleza, kwenye bahari ya namna hiyo ni mauaji. Saa moja na nusu usiku hivi, mnara ulitoweka kwenye rada ya meli. Wote 28 walikufa.

NyarUgenya

Fundi, asante, umeeleza vizuri. Lakini niruhusu niulize kama mke wa mtu wa meli. Hao wake zao waliambiwa nini? Maana mimi mume akiwa kazini naambiwa "bahari ni shwari" hata nikisikia kwa masikio yangu upepo unavuma kwenye simu.

FundiKondele

Shemeji, umegusa penyewe. Mke wa Phelan alijua mengi, kwa sababu mumewe hakumficha. Walikuwa wanaweza kupiga simu kupitia redio, na siku ile ile alizungumza naye. Baadaye yeye mwenyewe alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani, akasema kile mume alichokuwa akimwambia kuhusu hali ya mnara. Ushahidi wa mke wa nyumbani ulikuwa na uzito kuliko ripoti nyingi za wahandisi.

Ya kwangu ni madogo. Kampuni niliyofanyia kazi ilikuwa na laini moja ya simu kwa wafanyakazi wote, na kila mtu alipewa dakika chache huku foleni nzima inamsikiliza. Ningesema nini na Mreno yuko nyuma yangu? Nilisema "tuko sawa, watoto wasome." Mke wangu alikuwa anajua hali ya hewa kutokana na namna nilivyokohoa.

MwanaLanet

Wazee wangu, nashukuru sana. Nilimsomea mjomba yote jana jioni. Kuhusu wanahewa kukaa baharini amekubali, shingo upande. Anauliza mambo mawili. Moja: kapteni ni kapteni, kwani hangeweza kuamuru watu wake washuke bila kungoja ruhusa, siku za utulivu kabla ya dhoruba? Na la pili, ananiambia nisisahau: hizo chuma zote zilienda wapi? Mjomba siku hizi anafanya biashara ya skrepa.

JaboyaSafi

Haha, nilijua tu. Mtu wa Lanet haulizi bure.

FundiKondele

Mwambie mjomba yeye ndiye amevaa sare, si mimi, anajua vizuri kituo cha kijeshi hakifungwi na kapteni. Mwenye cheo hicho anaweza kuandika, kupiga simu, kuomba. Phelan aliomba. Amri ya kuacha mnara ilikuwa kwa wakubwa wa nchi kavu. Baada ya msiba maofisa kadhaa walifunguliwa mashtaka ya kijeshi, na mwishowe hakuna aliyetiwa hatiani.

Chuma sasa. Namba 4 iko chini, na wapiga mbizi bado huizuru. Namba 2 na 3 zilifungwa mwaka wa 1963, maana baada ya ile ajali hakuna aliyelala vizuri tena juu yake, na hofu yenyewe ilikuwa imehama kutoka ndege kwenda makombora, ambayo rada zile hazikujengwa kuyakamata. Namba 2 ilikatwa miguu ili ivutwe hadi pwani, ikazama. Waliokuja kwa namba 3 walikuwa wamejifunza: waliijaza povu la plastiki ndani ili ielee, kisha wakaikata na kuivuta hadi nchi kavu kwa watu wa skrepa. Kwa hivyo mjomba amechelewa miaka sitini hivi, na kilichobaki cha namba 4 kiko futi 185 chini. Kama ana kreni anaweza kujaribu.