Django na SQLAlchemy (za Python), Spring (ya Java): ipi haikuchezei kwenye transaksheni (kazi za databesi zinazopita zote au zinafutwa zote)?

fundi_joini:
Wakuu naombeni mawazo. Nina fankisheni inasevu oda, inapunguza stoki, halafu inatupa kazi kwenye foleni itume imeili. Juzi ile kazi ikaamka kabla ya komiti (data kuthibitishwa kwenye databesi), ikaitafuta oda ikaikosa, logi zinalia "haipo" huku mimi kwenye databesi naiona kabisa. Nilijua nikishaweka atomic (ya Django, inafunga kazi zote kwenye transaksheni moja) nimemaliza. Nihame Django au?

mama_seva:
Usihame mkuu, hiyo ya foleni ipeleke kwenye on_commit basi, iende komiti ikishapita. Django bila atomic kila kweri (ombi kwa databesi) inajikomiti yenyewe, na atomic ndani ya atomic ni sevupointi tu (alama ya kurudia katikati ya transaksheni), ya nje ikirudi nyuma zote zimekwenda. Halafu usidake hitilafu ya databesi katikati ya atomic ukaendelea kama hakuna kitu, itagomea kila kweri inayofuata. Dakia nje yake.

null_mtupu:
Mi SQLAlchemy damu. Sesheni (kikao chako na databesi) inafungua transaksheni yenyewe ukigusa databesi mara ya kwanza ila kukomiti ni juu yako, ukisahau sesheni ikafungwa kazi yote imepotea kimyakimya. Kero moja, baada ya komiti objekti zinahesabika zimechacha, ukigusa oda.jumla inakimbilia databesi tena. Kuna expire_on_commit=False ya kuzima hilo, uwe unajua unachofanya lakini.

jogoo_wa_java:
Spring usiingie kichwakichwa. @Transactional (alama unayoweka juu ya methodi, yaani anotesheni) inapita kwenye proksi (objekti ya kati inayodaka miito kutoka nje), sasa methodi ikiita mwenzake wa klasi hiyohiyo anotesheni ya huyo wa pili haina kazi. Na kwa difolti inarudi nyuma kwa hitilafu za aina ya RuntimeException na Error tu, IOException ikiruka INAKOMITI 😩 niligundua saa nane usiku, stoki imepungua na risiti haipo. Weka rollbackFor uitaje na hiyo.

sijalala:
Prisma (ya JavaScript/TypeScript) je?

mama_seva:
Tumia ile tx (kiungo cha transaksheni yenyewe) unayopewa, ukiteleza ukaita prisma ya kawaida hiyo kweri iko nje na wala haikuambii. Na kwa difolti sekunde 5 zikipita inakatwa, kwa hiyo usiite huduma ya malipo mle ndani.

fundi_joini:
Nimeweka on_commit, imekaa sawa, asanteni. Ila sasa testi zangu haziioni imeili kabisa??

mama_seva:
Haha, TestCase ya Django inafunika testi nzima kwa atomic halafu inairudisha nyuma, komiti haifiki. Tumia captureOnCommitCallbacks(execute=True), inaziendesha hizo za on_commit ndani ya testi.