Laptop nyepesi ya zamani: niweke SSD na RAM, nihamie Linux, au niiuze ninunue nyingine?

#1 Chaki_Nyeupe

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nina laptop ndogo ya Lenovo ThinkPad ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Naipenda kwa sababu inaingia kwenye mkoba pamoja na madaftari ya wanafunzi na bega haliumi. Siku hizi, hata hivyo, nikiiwasha asubuhi naweza kwenda kuhesabu namba paredi na kurudi kabla haijawa tayari. Kazi zangu ni kutunga mitihani, kujaza matokeo, WhatsApp ya kwenye kompyuta, na mara mojamoja kikao cha mtandaoni. Fundi wa kwanza ameniambia niweke SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na kuongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Wa pili anasema niachane na Windows, niweke Linux, mfumo mwingine wa bure. Mume wangu anasema niiuze, niongeze fedha, ninunue nyingine. Ningependa kuamua kabla ya shule kufunguliwa. Ninyi mngechagua lipi?

#2 Nondo_za_Ubungo

Mwalimu, umetuletea mgonjwa bila kadi yake. ThinkPad ziko nyingi mno, na jibu la moja si jibu la nyingine. Tuambie modeli (huandikwa kwenye kona ya fremu ya kioo na kwenye karatasi iliyobandikwa chini), RAM ni kiasi gani, diski ni ya aina gani, Windows ni ipi, na una shilingi ngapi. Hali ya betri pia usiisahau.

#3 Pepo_za_Tanga

Wakati tunasubiri maelezo, mimi ninapiga kura kwa Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, ile yenye mandhari nyepesi ya Xfce. Matoleo ya 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029, hayaulizi kizazi cha prosesa, na unaweza kuyajaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashine.

#4 Chaki_Nyeupe

Samahani kwa kuwahi kuuliza kabla ya kueleza. Ni X240, i5, 500, Windows 10.

#5 Nondo_za_Ubungo

500 ya nini, mwalimu? Na RAM bado hujaitaja. Fanya hivi: zima, kisha washa, na mara tu ukishaingia bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye ukurasa unaoonyesha prosesa, kumbukumbu na diski. Tazama namba hizo kwa dakika chache, usifungue kitu kingine, kisha utuandikie ulichokiona.

#6 Chaki_Nyeupe

Nimefanya ulivyoelekeza, tena nikiwa na saa ya ukutani mbele yangu. Diski ilikaa kwenye 100% kwa dakika nne na nusu mfululizo, ilhali prosesa ilikuwa inacheza kwenye 11% tu. Kumbukumbu imeandikwa 4GB, na 3.1 zilikuwa zimeshatumika kabla sijafungua chochote. Diski ni ya 500GB, na nikiweka sikio karibu na sehemu ya kuwekea mkono wa kulia nasikia inakwaruza polepole. Betri ya nyuma imekufa. Umeme ukikatika napata kama dakika arobaini. Fedha niliyonayo ni 200,000.

#7 Nondo_za_Ubungo

Sasa tunazungumza. Hizo namba mbili, 100 na 11, zimemaliza nusu ya mjadala: prosesa yako imekaa bure inasubiri diski. Hiyo ni diski ya kuzunguka, na kila programu inayotaka kuamka asubuhi inapanga foleni mbele ya sindano moja inayohama huku na huko. Ukiweka SSD, foleni hiyo inatoweka. Kwa hiyo ununuzi wa kwanza ni SSD ya SATA (aina ya kiungio cha diski) ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na ya 240GB inakutosha kabisa kwa mitihani na matokeo.

RAM ni ya pili, na hapa naomba usome taratibu. X240 ina tundu moja tu la RAM, wala haipokei zaidi ya 8GB. Fundi akikwambia atakuongezea nyingine ya 4GB pembeni, huyo hajawahi kuifungua. Kilichopo ni kutoa ya 4GB na kuweka moja ya 8GB. Iwe DDR3L, ile ya volti 1.35, ambayo kibandiko chake huandikwa PC3L. Ile isiyo na herufi L ni ya volti 1.5, na kwenye mashine hii huenda isiwake kabisa.

Jambo la mwisho, na mafundi wengi hulisahau: mashine hii ina betri mbili, moja nyuma inayochomoka na nyingine imefichwa ndani. Ukichomoa ya nyuma, bado umeme umo. Kabla ya kufungua, mwambie fundi awashe huku akibonyeza F1, aingie kwenye mipangilio ya umeme, na azime betri ya ndani.

#8 Mpakato_Nakuru

Nondo amesema vyema kuhusu vifaa, ila amekwepa suala la Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi yanaishia Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na X240 ni ya kizazi cha 4. Mimi ningependekeza ChromeOS Flex. Ni ya bure, inatoka kwa Google, inawaka upesi, na mtu ambaye siku yake yote iko ndani ya kivinjari hana haja ya kitu kingine. Kipakatalishi cha mama yangu kimekaa nayo tangu mwaka 2023, wala hajawahi kunipigia simu ya kulalamika.

#9 Karani_wa_Matokeo

Ndugu wa Nakuru, mwalimu amesema anajaza matokeo, na wewe unampa mfumo ambao hata programu za Play Store hauzipokei. Sisi tulio kwenye taaluma tunajua matokeo yakoje. Ni faili la Excel alilolitengeneza mwalimu aliyehama miaka mingi iliyopita, lina makro (amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe) ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa, na linachagua masomo saba bora ya kila mwanafunzi, linajumlisha pointi na kutoa divisheni. Faili hilo ukilifungulia kwenye kivinjari, vitufe vyote vinakufa. Ukilifungulia kwenye LibreOffice, ile ya bure inayotumika badala ya Excel, huenda likafunguka, ila ile makro ya divisheni ni bahati nasibu. Ushauri wangu ni Windows, na ibaki Windows. Kuna wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine za zamani kwa kuruka ukaguzi, na inaingia.

#10 Mpakato_Nakuru

Inaingia, ndiyo, lakini Microsoft wenyewe wamesema hawaahidi kuzipa masasisho mashine za namna hiyo. Mwalimu ataamka siku ya kupanga matokeo akute limetoka toleo jipya lisilokubali kuingia. Hilo nalo ni bahati nasibu.

#11 Pepo_za_Tanga

Karani, kwa heshima zote, makro ya kutafuta divisheni haihitajiki. A ni pointi 1 na F ni pointi 5. Unachotafuta ni jumla ya namba saba ndogo kuliko zote kwenye mstari wa mwanafunzi. Fomula ya SMALL ikiwekwa ndani ya SUMPRODUCT inafanya kazi hiyo kwenye Excel na kwenye LibreOffice vilevile, bila makro hata moja. Baada ya hapo unaweka mipaka: 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Nimewatengenezea shule mbili faili la namna hiyo, na mwaka wa pili huu linatumika.

#12 Karani_wa_Matokeo

Na mwanafunzi aliyefanya masomo sita? Na yule asiyefika chumba cha mtihani wa somo moja, ambaye kwenye kisanduku chake imeandikwa X badala ya gredi? Fomula yako itatoa kosa mstari mzima. Makro yetu inajua hayo yote.

#13 Pepo_za_Tanga

Itatoa kosa kwa yule wa masomo sita pekee, na hilo linazuiliwa kwa kuhesabu kwanza visanduku vyenye namba. X ni herufi. SMALL inairuka tu.

#14 Bibi_wa_Mikoko

Samahanini kuwakatiza kwenye divisheni. Mwalimu anakwenda kununua SSD, na hakuna aliyemwonya kuhusu zile za bandia, basi mimi niseme, kwa kuwa nililipia somo hilo.

Mwaka juzi nilikuwa na laptop inayofanana na yake. Nikaingia duka moja mjini, nikaonyeshwa SSD ya 1TB kwa 55,000, wakati maduka mengine yalikuwa yananitajia bei hiyo kwa 240GB. Ilikuwa na boksi zuri na nailoni yake. Fundi akaifunga, Windows ikaingia, na mimi mwenyewe nikaona kwa macho yangu imeandikwa 931GB, kama inavyopaswa kuonekana kwa diski ya 1TB. Kwa miezi miwili hakukuwa na shida yoyote. Nikahamishia humo picha za harusi ya mdogo wangu, hesabu za kikundi chetu cha kukopeshana, na barua zote za kesi ya shamba. Siku moja nikafungua picha, nusu ya juu ipo, nusu ya chini ni kijivu. Nyingine haikufunguka kabisa. Hesabu za kikundi zikafunguka, ila kurasa za katikati zilijaa alama ambazo si lugha ya mtu yeyote. Fundi alipobandua kile kifuniko, tukakuta ubao mdogo kama kidole gumba, juu yake imebandikwa kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu, na pembeni kipande cha chuma kimegundishwa ili kuipa uzito. Ilikuwa imedanganya ukubwa wake: ikishajaa, inaandika vitu vipya juu ya vile vya zamani, na inaendelea kusema kuwa ina nafasi. Dukani walinijibu kwamba nailoni ilishachanwa.

Kwa hiyo, mwalimu, usiikabidhi kazi zako siku ya kwanza. Iache wiki nzima diski ya zamani ikiwa salama kabatini. Kuna programu za bure za kuijaza SSD hadi pomoni na kusoma tena kilichoandikwa. H2testw ni ya Windows, na F3 ni ya Linux. Mwombe fundi aiendeshe mbele yako kabla hujalipa.

#15 Nondo_za_Ubungo

Bibi, umenikumbusha nilichosahau. Mwalimu, ushauri huu naomba uufuate jinsi ulivyo.

#16 Kitonga_Kwa_Kitonga

Mimi niko upande wa mume. Laki mbili unazitia kwenye mashine ya mwaka 2013, halafu keshokutwa kibodi inakufa. Ongeza fedha uchukue ThinkPad X280, ni nyepesi zaidi, zipo zenye kizazi cha 8, na Windows 11 inaingia bila ujanja. Mimi ninayo, na safari za barabarani zote ninakwenda nayo. Isitoshe, X240 haina vitufe halisi juu ya padi ya kipanya, na wenye ThinkPad tunajua jambo hilo linavyoudhi.

#17 Nondo_za_Ubungo

Vitufe ni kweli, hata Lenovo wenyewe waliona, wakavirudisha kwenye X250. Ila X280 ina RAM iliyolehemewa kwenye ubao. Ukinunua yenye 8GB, utaishi na 8GB hadi mwisho wake. Afadhali basi Dell Latitude 7390 ya kizazi cha 8, ambayo RAM yake inachomoka. Lakini mwalimu alisema 200,000, hakusema 600,000.

#18 Kitonga_Kwa_Kitonga

8GB zamtosha. Kwani X240 itampa ngapi?

#19 Chaki_Nyeupe

Nawashukuru nyote. Sikujua kwamba mitihani yangu ingeleta mabishano ya fomula. Naomba kuuliza lile la betri: nikibakiwa na fedha baada ya SSD na RAM, ninunue ya nyuma au ya ndani?

#20 Bibi_wa_Mikoko

Ya nyuma. Huhitaji fundi, unaichomoa na kuisukuma mwenyewe. Ikiwa laptop hukaa kwenye chaja kutwa nzima, weka kikomo ijaze hadi 80% tu, programu ya Lenovo ya mipangilio inaruhusu. Na ile ya ndani ikianza kuvimba, padi ya kipanya itakuwa ngumu kubonyea. Hapo acha kuitumia siku hiyohiyo.

#21 Chaki_Nyeupe

Mrejesho wa leo Jumamosi. SSD nimeijaribu kama Bibi alivyosema, fundi alinuna kwa sababu ilichukua karibu saa nzima, lakini imesoma kila kitu sawasawa. Nimewekewa Windows 10 na sasa inawaka kwa sekunde ishirini na kitu. Shida ni RAM. Tukiweka ile ya 8GB inalia mara kadhaa na kioo kinabaki cheusi. Fundi anasema ubao mama una hitilafu na ananishauri nimwachie. Kwenye kibandiko cha RAM nasoma PC3-12800S.

#22 Nondo_za_Ubungo

PC3, halafu hakuna L. Usimwachie mtu mashine yako. Rudisha RAM hiyo.

#23 Pepo_za_Tanga

Na wakati unasubiri kubadilishiwa, mwalimu, kumbuka kwamba Mint inatembea vizuri na 4GB. Flashi ya 8GB yatosha kuijaribu.

#24 Karani_wa_Matokeo

Tulishamaliza hilo.

#25 Pepo_za_Tanga

Wewe ulimaliza.

#26 Chaki_Nyeupe

Nimekuta duka limefungwa, watafungua Jumatatu. Nimerudishia ile 4GB ya zamani, na usiku huu nimejaza alama za mikondo miwili ya Kidato cha Tatu bila kukwama hata mara moja. Divisheni sijazigusa bado. Pepo, lile faili lako lisilo na makro unaweza kulipandisha hapa nilione?