Sheria inamfunga mwanakijiji kwa kitoweo, kisha inaruhusu urani ichimbwe porini: haya ndiyo tuliyoifanyia Selous

Ndugu wanajamvi,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Majangili tumeshawalaani vya kutosha na wanastahili kulaaniwa, lakini leo nalalamikia sheria yenyewe, ile tunayoambiwa kila siku kwamba ndiyo ngao ya mapori yetu. Nimeisoma na kuirudia, na kila nikiisoma naona kwamba mtu inayemzuia kwa uhakika ni mmoja tu: mwanakijiji anayeishi mpakani mwa hifadhi.

Chukueni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa mujibu wake, kuingia katika pori la akiba bila kibali ni kosa, kuchunga mifugo humo ni kosa, kukata mti ni kosa, na mtu akikutwa na nyara za serikali, ambazo kwa tafsiri ya sheria ni pamoja na nyama ya mnyamapori, anaweza kwenda jela miaka 20. Sisi tunaotoka vijiji vya pembezoni tunawafahamu watu waliofungwa kwa namna hiyo. Sasa someni kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo. Kinakataza kutafuta na kuchimba madini ndani ya pori la akiba, halafu papo hapo kinaruhusu mafuta, gesi na urani kwa masharti, mojawapo likiwa kufanyika kwa tathmini ya athari kwa mazingira. Yaani shughuli tatu zenye uwezo wa kuharibu pori kuliko mundu na mshale wa mtu yeyote ndizo zilizowekewa njia ya kisheria. Ni kufunga mlango kwa kufuli kubwa na kuuacha ufunguo ukining'inia juu ya kitasa.

Nazungumzia zaidi pori la akiba la Selous, kusini mwa nchi yetu, kwa sababu ndiko nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Liwale, na historia ya pori hili haianzii kwenye vitabu vya utalii. Wangindo waliishi ndani ya eneo hilo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha, sababu iliyotolewa ikiwa ni ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, na ardhi waliyoiacha ikaunganishwa na pori la wanyama. Makaburi ya wazee wetu yamo humo. Wajukuu wao walifundishwa kukubali kwamba hasara hiyo ilikuwa kwa ajili ya jambo kubwa kuliko wao, yaani kuliacha pori libaki pori bila shamba, bila barabara kuu na bila nyumba. Wengi wetu tulikubali kwa moyo mmoja. Ndiyo maana inatuuma zaidi kuona kwamba ahadi ile ilikuwa inatubana sisi peke yetu.

Mwaka 1982 Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 50,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Ni msitu wa miombo unaokatwa na mito, Kilombero na Luwegu ikikutana na kuwa Rufiji, na Ruaha Mkuu ukiungana nayo huko chini. Aina zaidi ya 2,100 za mimea zimekwisha kuorodheshwa humo na wataalamu wanaamini zipo nyingine zisizojulikana bado. Mbwa mwitu, ambao sehemu nyingi za Afrika wametoweka kabisa, humu wana mojawapo ya makazi makubwa yaliyobaki duniani. Mnyama wa namna hiyo haishi katika kipande cha pori kilichozungushiwa uzio, kwa sababu kundi moja linahitaji mamia ya kilomita za mraba ili liwinde na kulea watoto. Ukubwa wa Selous ndio uhai wake, na kila kipande kinachomegwa kinapunguza jambo ambalo hatuwezi kulirudisha kwa kupanda miche.

Tembo wanatuonyesha jinsi ulinzi wa maandishi unavyoweza kuwa mtupu. Mwaka 1976 walikadiriwa kuwa takriban 109,000 katika ikolojia ya Selous. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Katika kipindi chote hicho sheria ilikuwepo, ramani zilikuwepo na mabango yalikuwepo, lakini ule utaratibu wa kuliachia pori nusu ya mapato yake ulipodhoofishwa katikati ya miaka ya 2000, askari wa wanyamapori walibaki na eneo la ukubwa wa nchi mbili bila magari na bila mafuta ya kutosha. Juni 2014 Selous ikawekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Narudi kwenye urani. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikutana St Petersburg, Urusi, na nchi yetu ikaomba mpaka wa Selous usogezwe kusini, upande wa Namtumbo, ili eneo la mradi wa urani wa Mto Mkuju liwe nje ya urithi. Kamati ilikubali. Ninachotaka kila mmoja akifahamu ni kwamba ruhusa ile haikutolewa bure. Serikali iliahidi kwamba baada ya Mkuju hakutakuwa na uchimbaji mwingine wa madini ndani ya pori, na kwamba haitaanzisha shughuli yoyote ya maendeleo ndani ya Selous au katika eneo linaloizunguka bila idhini ya Kamati kwanza. Maneno hayo yamo katika uamuzi wenyewe na yeyote anaweza kuyasoma.

Desemba 2018 ulisainiwa mkataba wa kujenga bwawa la umeme la Stiegler's Gorge, katikati ya urithi huo, lenye uwezo wa megawati 2,115. Idhini ile iliyoahidiwa haikuwa imetolewa. Mapema mwaka huo huo ilikuwa imekwisha kutangazwa zabuni ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2.6 katika eneo litakalofunikwa na maji. Naomba msome idadi hiyo tena, halafu mfikirie mama wa Liwale anayekamatwa na mzigo wa kuni.

Najua nitajibiwa kwamba nchi inahitaji umeme. Ni kweli inahitaji, na mimi mwenyewe nataka zahanati za kwetu ziwe na taa na friji za chanjo. Najua pia kwamba wazo la bwawa hilo lilikuwepo tayari miaka ya 1970, kabla pori halijaingia kwenye orodha ya UNESCO, na kwamba bwawa sasa limejengwa na mitambo inazunguka, kwa hiyo siandiki kudai libomolewe. Ninachokikataa ni namna lilivyofanyika. Nchi inayoheshimu sheria zake ingeweka mezani tathmini kamili ya mkondo wote wa Rufiji kabla ya kusaini, ingewauliza wakulima wa mlau wanaotegemea tope la mafuriko ya kila mwaka, ingewauliza wavuvi wa kamba kule delta, kwenye mikoko mingi kuliko popote Afrika Mashariki, ambako udongo unaozuiliwa nyuma ya ukuta wa bwawa ndio uliokuwa ukiijenga pwani yao. Tathmini ambayo inafuata uamuzi badala ya kuutangulia haina kazi ya kumlinda mtu wala kiumbe.

Mwaka 2021 wataalamu wa Kamati walipendekeza Selous ifutwe kabisa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kamati haikufuata pendekezo hilo na pori likabaki, lakini kwangu kule kufikishwa hatua hiyo peke yake ni fedheha iliyopaswa kujadiliwa bungeni wiki nzima.

Kwa haki lazima niseme kwamba kuundwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, yenye kilomita za mraba 30,893 zilizotolewa upande wa kaskazini wa Selous, kumeongeza nguvu ya kisheria kwa eneo hilo. Hifadhi ya taifa hutangazwa kwa ridhaa ya Bunge, wakati pori la akiba hutangazwa na Rais kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali baada ya kushauriana na mamlaka za mitaa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sehemu ya kusini iliyobaki kuwa pori la akiba, pamoja na mapori mengine ya akiba nchini, inasimama juu ya amri, na juu ya kifungu cha 20 chenye ruhusa zake tatu. Upande wa kusini zaidi upo ushoroba wa Selous na Niassa, unaopitisha tembo hadi Msumbiji katika ardhi za vijiji vya Namtumbo na Tunduru. Vijiji hivyo vilitenga maeneo yao kuwa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Mbarang'andu na Nalika. Wanakijiji wametoa ardhi yao wenyewe kwa hiari, na jirani yao ni mgodi wa urani ambao Julai 2025 ulizinduliwa kiwanda chake cha majaribio. Mtu wa Namtumbo akiniuliza kwa nini aendelee kuacha kulima ushoroba, sina jibu la kumpa lisilo la aibu.

Kuna watakaosema kwamba mahakama zipo. Ni kweli, na zimewahi kufanya kazi. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, mjini Arusha, iliizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kwa kesi iliyofunguliwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya, kwa hoja kwamba barabara hiyo ingekiuka wajibu wa kulinda mazingira uliomo katika Mkataba wa Jumuiya. Nilifurahi siku ile kama wengi. Lakini mkataba huo huo, katika ibara ya 30, unataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kifanyike au mlalamikaji akifahamu. Miezi miwili! Kwa mtu wa Liwale ambaye hata tangazo la zabuni halimfikii, muda huo umekwisha kabla hajajua kuna jambo la kulalamikia.

Nyumbani hali ni mbaya zaidi. Katiba yetu, ibara ya 27, inamtaka kila mtu kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano, na ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likamtaka anayefungua shauri chini ya ibara za 12 hadi 29 ale kiapo akionyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Ibara ya 27 imo ndani ya hizo. Nani ataapa kwamba ameathirika binafsi na kupotea kwa mbwa mwitu? Ni nani atakayesimama kizimbani kwa niaba ya miombo iliyokatwa mahali ambapo sheria yenyewe imekataza mtu kuishi? Tuliondolewa porini ili pori liwe salama, kisha tumeambiwa kwamba kwa kuwa hatumo porini hatuna sababu ya kulisemea. Jambo hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote niliyoyaandika hapo juu.

Madai yangu ni machache na yanatekelezeka. Maneno yanayoruhusu mafuta, gesi na urani yaondolewe katika kifungu cha 20. Mpaka wa pori la akiba usiguswe bila ridhaa ya Bunge, kama ilivyo kwa hifadhi za taifa, na wanavijiji wa mpakani wasikilizwe kwanza katika mikutano ya hadhara ambayo mihtasari yake itachapishwa kwa Kiswahili. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira nazo zitolewe kwa Kiswahili na zibandikwe katika ofisi za vijiji husika, kwa sababu haisaidii kitu kumpa mkulima wa Utete ripoti ya Kiingereza yenye mamia ya kurasa na kumwambia ameshirikishwa. Na marekebisho yale ya 2020 yafutwe, angalau kwa mashauri ya mazingira.

Wanasheria mlioko humu, nina swali moja ambalo naomba mlijibu kwa uzito wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri pale haki hiyo inapotishiwa. Je, kuna uwezekano wa kupita njia hiyo kuwadai wahusika watimize ahadi za mwaka 2012 kuhusu Selous, bila kukwama kwenye kiapo cha kuathirika binafsi? Kama ipo kesi iliyowahi kupita njia hiyo, tajeni namba yake hapa. Wapo wenzangu kadhaa wa Liwale na Namtumbo walio tayari kuweka majina yao kwenye hati ya madai, na nauli ya kwenda kusajili shauri tutachanga wenyewe.

Nawasilisha.