Mjadala: Craganour alidhulumiwa Derby ya 1913, au alistahili kuvuliwa ushindi?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Ikitajwa Derby ya Epsom, mbio kubwa za farasi za Uingereza, ya tarehe 4 Juni 1913, wengi wanamkumbuka Emily Davison, mpigania kura za wanawake aliyeingia uwanjani kwenye kona ya Tattenham, akakumbwa na Anmer, farasi wa Mfalme George V, na kufariki siku nne baadaye. Ni haki akumbukwe. Lakini mbio zile ziliendelea, na mwisho wake uliacha shauri ambalo mimi naliita dhuluma.

Farasi Craganour ndiye aliyetegemewa na wengi siku hiyo. Mwaka 1912 hakuna farasi wa miaka miwili Uingereza aliyekuwa na jina kumzidi. Aliingia mita za mwisho akiwa amebanana na Aboyeur, ambaye dau lake lilikuwa mia kwa moja, yaani karibu hakuna aliyemwekea pesa. Aboyeur alikuwa mkali, akawa ananyoosha shingo kutaka kumng'ata mwenzake. Craganour naye akamwegemea, wakawa wanagongana bega kwa bega hadi mstarini. Mwamuzi akampa Craganour ushindi kwa tofauti ya urefu wa kichwa cha farasi.

Mwenye Aboyeur hakulalamika. Joki wake, yaani mpanda farasi, Edwin Piper, naye hakulalamika. Waliolalamika ni wasimamizi wa mbio wenyewe, na hao hao ndio waliokaa kusikiliza lalamiko lao, wakaita mashahidi na kutoa hukumu. Craganour akavuliwa, Aboyeur akawekwa wa kwanza. Hakuna mshindi mwingine wa Derby ile aliyewahi kuvuliwa kwa kosa la kusukuma.

Tazameni sasa waliokaa. Lord Rosebery alikuwa na farasi wake kwenye mbio hizo, akajitoa. Wakabaki Lord Wolverton na Meja Eustace Loder. Huyo Loder ndiye aliyemzalisha Craganour na kumuuza akiwa wa mwaka mmoja. Aliyemnunua ni Bower Ismay, mdogo wake Bruce Ismay, yule mwenyekiti wa kampuni ya Titanic aliyenusurika meli ilipozama mwaka mmoja kabla. Jina la Ismay lilikuwa halina marafiki wengi Uingereza wakati ule. Sidai kwamba Loder alikuwa na chuki moyoni. Nadai kwamba hakupaswa kuwa kwenye kiti kile.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, heshima kwako, ila unaruka kosa lenyewe. Hukumu haikuhusu Aboyeur peke yake. Walisema Craganour hakushika njia iliyonyooka, akawabana pia farasi wengine, Shogun na Day Comet. Joki wa Craganour, Johnny Reiff, hakuwa mgeni pale, alishashinda Derby ya 1907 na ya 1912, alijua mipaka. Na wasimamizi kufungua shauri bila mtu kulalamika si ajabu. Hata kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong pale Nairobi, wasimamizi wakiona kitu wanaita uchunguzi wao wenyewe. Wakisubiri mpaka mwenye farasi alalamike, wenye farasi watapatana pembeni na mwekaji dau ataumia.

Halafu Loder kumkomoa farasi aliyemzalisha mwenyewe? Mfugaji gani anakataa sifa ya kumtoa mshindi wa Derby?

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja yako ya mwisho ina uzito kuliko zote, na ndiyo inayonipa nguvu. Awe alivutwa kumpendelea Craganour kwa sababu ya sifa, au kumkomoa kwa sababu nyingine, alikuwa na lake ndani ya shauri. Rosebery aliliona hilo upande wake, akatoka.

Kuhusu uchunguzi wa wasimamizi, nakubali ni jambo zuri, na sitaki uondolewe. Ila uchunguzi wa leo una picha za kamera kutoka pande kadhaa, zinarudiwa mpaka kila mmoja aridhike. Wao walitegemea macho na maneno ya majoki waliokuwa wametoka kushindana. Macho yenyewe yalikuwaje siku ile? Mwamuzi wa mstari alimsahau kabisa Day Comet, ambaye picha inamwonyesha yuko kwenye nafasi ya tatu, akamwandika farasi mwingine, Louvois. Na mwamuzi huyo huyo, Charles Robinson, ndiye aliyempa Louvois ushindi wa 2000 Guineas, mbio nyingine kubwa za Uingereza, mwezi mmoja nyuma kwa kichwa, mbele ya Craganour, huku watu wengi waliokuwepo wakiamini Craganour alitangulia waziwazi. Joki wake wa siku ile, Saxby, alibebeshwa lawama na kupoteza nafasi ya kumpanda Epsom. Farasi mmoja, msimu mmoja, mbio mbili kubwa kuliko zote, zote zimeondoka mikononi mwake nje ya mbio zenyewe.

Ismay hakumkimbiza tena. Alimuuza Argentina kwa pauni 30,000, akawa dume la mbegu lenye jina kule. Aboyeur hakushinda tena, akauzwa Urusi na kupotea kwenye vurugu za mapinduzi. Haya hayathibitishi nani alimsukuma nani, na siyatumii kama ushahidi. Kama Craganour alisukuma kweli, basi na avuliwe, lakini na watu wasio na uhusiano naye.

Kwa hiyo wanaoitetea hukumu ile naomba wanijibu hili moja: kama ilikuwa sahihi Rosebery kutoka chumbani kwa sababu ya farasi wake, kwa nini ilikuwa sahihi Loder kubaki?