Naomba ushauri: kidimbwi changu kimegeuka kijani

Habari zenu wapendwa. Niko Kasarani, hapa Nairobi. Baada ya masika nilichimba kidimbwi cha mita 2 nyuma ya nyumba, nikapanda mayungiyungi. Nimekulia kando ya bwawa, na sauti ya vyura ndiyo iliyokuwa ikinilaza. Mchoraji Mfaransa Monet alichora kidimbwi chake cha mayungiyungi huko Giverny, Ufaransa, mpaka alipokaribia kufa, 1926. Mimi changu hakijatimiza mwaka na maji yameshakuwa mazito kama uji. Nikiinama naona viluwiluwi vya mbu vimening'inia kichwa chini.

Jirani anasema nifukie. Roho inakataa kabisa. Nikitia tilapia wadogo watakula viluwiluwi, au watamaliza mayungiyungi kwanza? Na kivuli kitapunguza huo ukijani? Tafadhali, aliyewahi kufuga anieleze.